Jinsi ya Kutembelea Magofu ya Gede Usirudi Ukisema "Niliona Kuta Tu"

Kila likizo hunijia watu waliotoka Gede, mji wa kale wa Waswahili uliobaki magofu kwenye pwani ya Kenya karibu na Malindi, na maneno yale yale: "Tumeenda, tumeona kuta, tumepiga picha na kima, tumerudi." Wengine wametoka Nairobi, wengine Arusha au Dar es Salaam. Wamelipa nauli, wamejinyima siku nzima ya bahari, na mji mzima wa mababu umewapita machoni wasiuone.

Siwalaumu. Mji usio na paa haujielezi. Milango imebaki bila mbao, vyumba vimebaki bila watu, na mibuyu imeota palipokuwa na sebule. Anayeingia bila mpango huzunguka dakika arobaini kwenye jua la utosi, hutokwa jasho, akatoka.

Mwongozo huu ni wa saa tatu za taratibu. Njia zote ni tambarare. Bibi wa miaka sabini ataziweza, na mtoto wa darasa la kwanza ataziweza. Kazi iko kwenye mpangilio: ufike saa ngapi, uanzie wapi, utazame nini. Nimeipanga ziara nzima kwa kufuata maji, yaani visima, mabirika na vyoo, kwa sababu nimeona kwa macho yangu kwamba mtu akishaelewa maji yalivyotembea Gede, nyumba na misikiti vinaanza kusema naye.

Jambo moja kabla hatujaanza. Utakuta jina limeandikwa Gede mahali pengine na Gedi mahali pengine. Ni pale pale. Ukitafuta kwenye ramani ya simu na likakosekana moja, andika la pili. UNESCO walipoupa mji huu hadhi ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, walitumia Gedi.

## Vitu vya kubeba

Maji, lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, kwenye chupa ya kujaza tena. Ukishaingia kati ya magofu hakuna pa kununua, na msitu wa pwani una joto la mvuke linalochosha kuliko jua la wazi.

Viatu vilivyofunika vidole. Kandambili ndizo zinazowaharibia watu ziara. Ardhi ni tambarare, lakini mizizi imetambaa kila mahali, na vipande vya mawe ya matumbawe hukata kama chupa iliyovunjika.

Dawa ya mbu ya kupaka na nguo ya mikono mirefu. Hapa ni msituni, na kivuli kile kile kinachokupoza ndicho mbu anachokipenda.

Kitambulisho. Kiingilio hutofautiana kati ya raia wa Kenya, wakazi, watu wa Afrika Mashariki na wageni wengine, na mtoto halipi sawa na mtu mzima. Mtanzania au Mganda asiyekuwa na karatasi ya kuonyesha hana la kumsaidia langoni.

Simu yenye chaji na pesa ndani yake, pamoja na noti ndogo ndogo mkononi. Malipo ya taasisi za serikali ya Kenya yamehamia kwenye mtandao wa eCitizen, na wengi hulipa kwa M-Pesa. Noti ni za bodaboda na za mwongozaji.

Mkoba unaofungwa kwa zipu. Sababu yake utaiona tukifika kwa kima.

Daftari na kalamu. Picha utapiga, sawa, lakini picha za kuta hufanana. Ukifika nyumbani hutajua ipi ni ya msikiti na ipi ni ya choo. Mstari mmoja wa maandishi kwa kila kituo unatosha.

Usibebe ndizi, karanga wala mahindi ya kuchoma. Na mifuko ya plastiki iache, maana Kenya iliipiga marufuku tangu 2017.

## Hatua ya 1: Chagua siku, kisha chagua saa

Miezi mizuri ni Julai hadi Oktoba, pepo za kusi zinapovuma na joto limepungua. Januari hadi Machi panafaa pia, ila uamke mapema zaidi. Masika, hasa Mei, njia huwa tope na mizizi huteleza. Ukiwa na mzee, ahirisha.

Ndani ya juma, chagua siku ya kazi. Sikukuu na wikendi ndefu hujaza watu, na mji huu unahitaji ukimya ili uusikie.

Kuhusu saa, nina msimamo mkali: uwe langoni kufika saa tatu asubuhi. Joto ni sababu moja tu. Sababu kubwa zaidi ni mwanga. Asubuhi jua huja kwa ubavu, likapiga kuta kwa mshazari, na kila shimo, kila kidaka (kishubaka cha ukutani), kila mstari wa chokaa hutupa kivuli. Saa sita vivuli vimekwisha na ukuta ule ule unaonekana kama ubao mtupu. Wanaosema wameona kuta tu, wengi wao walifika saa sita.

Mabasi ya wanafunzi nayo huanza kuingia asubuhi ikishapevuka. Ukiwa umetangulia, Jumba la mtawala na Msikiti Mkuu utakuwa umevimaliza kwa utulivu.

## Hatua ya 2: Fika steji ya Gede bila kupitiliza

Ukitoka Mombasa, panda matatu au basi la Malindi. Mwambie kondakta mapema, "Nashuka Gede, njia panda ya Watamu," kisha umkumbushe mkishapita Kilifi. Usingoje uone kibao. Wengi hupitiliza hadi Malindi, kilomita kama kumi na sita mbele, wakalipa nauli ya kurudi.

Hesabu zaidi ya saa mbili kutoka Mombasa, na uongeze muda kwa ajili ya msongamano wa Mtwapa. Kwa hiyo anayelala Mombasa aondoke alfajiri, au alale Kilifi, Watamu ama Malindi usiku wa kuamkia ziara. Mimi ninapendekeza la pili, hasa kwa wenye watoto.

Ukitoka Malindi ni safari ya nusu saa hivi. Matatu za Malindi na Watamu hupita hapo hapo Gede.

Kutoka njia panda hadi langoni ni mwendo mfupi kupitia kijijini. Unaweza kutembea, au kuchukua tuktuk au bodaboda. Patana bei kabla hujakaa.

Unajua umefika sawa ukiona barabara kuu iko nyuma yako upande wa bara, Watamu iko mbele upande wa baharini, na miti mirefu imejitokeza juu ya mapaa ya kijiji. Hiyo miti ndiyo Gede. Ilibaki kwa sababu magofu yalilindwa. Mashamba ya jirani yalifyekwa zamani.

## Hatua ya 3: Lipa, kisha upatane na mwongozaji kwa Kiswahili

Bei hubandikwa langoni. Soma mstari unaokuhusu, lipa, weka risiti.

Waongozaji watakuwa hapo. Mchukue mmoja. Kama fedha ni chache, ungana na kundi jingine mgawane gharama. Mtu anayejua Gede atakuonyesha katika saa moja yale ambayo peke yako ungeyatafuta siku nzima.

Patana naye mambo matatu kabla hamjaondoka: bei, muda, na lugha. Hili la lugha nalisisitiza. Watamu na Malindi zimejaa Wataliano na wageni wengine, kwa hiyo waongozaji wamezoea kueleza kwa lugha za kigeni, na hata Mswahili mwenzao humsimulia kwa Kiingereza. Mwambie kwa adabu, "Ndugu yangu, tuzungumze Kiswahili." Utaona tofauti papo hapo. Badala ya maneno ya vitabuni yatakuja maneno ya nyumba ya bibi yako: boriti, kidaka, baraza, kiwanda (yaani ua wa nyumba), birika. Huo mji unakuwa wa kwenu.

Muombe pia asikimbie. Sema mna saa mbili za magofuni na kwamba mtaanzia makumbusho.

## Hatua ya 4: Makumbusho kwanza, magofu baadaye

Karibu kila mtu hufanya kinyume. Huingia magofuni, huchoka, kisha hupita makumbusho kwa dakika tano akielekea chooni. Hapo ndipo ziara inapoharibika.

Sababu ya kuanza hapa ni rahisi. Magofuni vyombo vimeondolewa. Vilichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman kuanzia 1948 hadi 1958, vikahifadhiwa. Nyumba zimebaki tupu. Usipoviona vyombo kwanza, utaingia chumba na hutakuwa na la kukiwekea.

Chukua dakika ishirini na tano. Tazama kaure za China, bila shaka, maana zinapendeza na zinaonyesha biashara ilifika wapi. Lakini usizame hapo. Geukia vyungu vya kienyeji. Udongo wa hapa, mikono ya hapa, moshi wa jiko la hapa. Sehemu kubwa ya maisha ya Gede ilipikwa katika vyungu hivyo. Kaure ilikuwa ya sahani ya mgeni na pambo la ukutani.

Tazama shanga pia, kisha mgeukie mtoto umuulize: shanga hii ilitoka wapi? Moja ya nyumba utakazoingia ilipewa jina kwa sababu ya ushanga wa Venice uliookotwa ndani yake.

Andika vitu vitatu kwenye daftari, vyovyote vilivyokugusa. Umefaulu hatua hii kama unatoka makumbusho ukiwa na swali. Kama unatoka huna swali, rudi dakika tano zaidi.

## Hatua ya 5: Kaburi lenye tarehe, kisha Msikiti Mkuu

Simama kwanza kwenye kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Ni kigingi chako cha wakati, kifunge kichwani. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498. Aliyezikwa hapa alikuwa ameshalala kaburini karibu miaka mia moja Mreno wa kwanza alipotia nanga jirani.

Karibu kuna kaburi la nguzo yenye mifuo. Utawaona watu wakikalia makaburi wapate picha. Usikae, na mwanao usimruhusu. Hapa wamelala watu, na wenyeji Wagiriama na Waswahili wanapaheshimu hadi leo. Ukikuta kitambaa au kitu kimewekwa mahali kwa nia, kiache kama kilivyo.

Sasa ingia Msikiti Mkuu. Usipige picha bado. Fanya mambo manne, kwa utaratibu huu.

Kwanza, simama mbele ya mihrabu, kile kidaka cha imamu ukutani, na ufungue dira ya simu. Itakuonyesha kaskazini, kwa kuwa kutoka pwani yetu kibla, yaani upande wa Makka, kiko huko. Mara tu unapojua watu walielekea wapi, safu za nguzo zinapangika zenyewe machoni.

Pili, hesabu hatua kati ya nguzo na nguzo. Utaona nafasi ni ndogo. Paa lilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko haurefuki utakavyo. Urefu wa mti ndio uliopima upana wa chumba. Kanuni hii utaikuta katika kila nyumba ya Gede, kama ilivyo kwenye nyumba za zamani za Lamu na Unguja. Mtu akikuuliza kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba, jibu ni hilo.

Tatu, tafuta mkuki. Umechongwa kwenye tao la mlango mmojawapo. Wape watoto kazi hiyo, na mwongozaji asiwaonyeshe kabla hawajajaribu. Wakiupata hawatausahau. Mkuki mlangoni mwa msikiti ni alama ya watu wa bara hili waliosali humu, na mimi kila nikiuona huwa nasimama kimya kidogo.

Nne, fuata maji. Msikiti una kisima na birika la kutawadhia. Mtu alitekewa maji, yakamwagwa kwenye birika, akanawa, akaingia kusali akiwa safi. Simama alipokuwa akisimama yule mwenye kuteka. Hakuna mfereji wa bomba wala mto karibu. Kila tone la udhu la mji huu lilipandishwa kwa kamba na mikono.

Nje ya msikiti kuna kisima kirefu. Hapa tahadhari. Visima vya Gede ni vya kweli, vina kina, na kingo za vingine ni fupi kuliko mtoto. Mtoto ashikwe mkono, asipandishwe kifuani "aone vizuri." Simu nayo ishike kwa mikono miwili. Kisima hiki tutakirudia.

## Hatua ya 6: Jumba, chumba kwa chumba

Jumba la mtawala ndipo watu wanapopotea. Ni vyumba ndani ya vyumba, na bila paa vyote vinafanana. Tiba yake ni kuingia kupitia tao kubwa la mbele na kujiuliza swali moja kila unapovuka mlango: "Mgeni aliruhusiwa kufika hapa?"

Kiwanda cha mbele, ndiyo. Hapa ndipo shauri liliposikilizwa. Chumba kinachofuata, pengine, kama ni mgeni wa heshima. Vyumba vya nyuma, hapana. Huko kulikuwa kwa familia na kwa wanawake. Kadiri unavyoingia ndani ndivyo unavyosogea mbali na barabara na karibu na siri ya nyumba. Aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili hahitaji kuelezwa sana. Anajua mgeni hukaribishwa barazani, na ndani ni pa wenye nyumba.

Viwanda vingine vimeshuka chini ya usawa wa vyumba, kwa hiyo kuna ngazi fupi. Mzee ashikwe mkono hapo. Mwenye kiti cha magurudumu, akiwa na mtu wa kumsukuma, ataweza njia kuu na kuona mengi kwa nje, lakini ndani ya Jumba na nyumba nyingi ngazi na vizingiti vitamzuia. Panga mapema ili asikae peke yake. Wawili wabaki naye msikitini, kisha mbadilishane.

Sasa ule mwanga wa asubuhi unalipa. Tazama kuta kwa ubavu, si kwa mbele, na utaona matundu madogo yamejipanga kwa mstari. Ni ya vigingi. Juu yake yalitundikwa mazulia na vitambaa. Rudisha kichwani yale uliyoyaona makumbusho: kaure kwenye kidaka, taa, kitambaa ukutani. Chumba kimejaa.

Tafuta pia chumba kisicho na mlango wa kawaida. Kilikuwa cha kuhifadhia mali, na aliyeingia alipitia juu. Watoto hupenda hiki kuliko vyote.

Usipande ukuta wowote. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, zimesimama mamia ya miaka kwenye mvua. Jiwe moja likilegea, mvua ijayo huingia ndani, na msimu unaofuata huanguka upande mzima. Nimeona vijana wakipanda tao ili wapigwe picha wakiwa wamekunja mikono. Ni mali yetu wenyewe tunayoikanyaga.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumchorea mwenzako kwenye daftari, hata kwa mistari mibaya, njia kutoka tao la mbele hadi chumba cha ndani kabisa.

## Hatua ya 7: Chagua nyumba tatu

Kando ya Jumba kuna msongamano wa nyumba za matajiri. Usijaribu kuziona zote. Macho huchoka, na nyumba ya sita huwa haina tofauti na ya pili.

Majina yake yametokana na kilichookotwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Fedha za Kichina, Nyumba ya Bakuli la Kaure. Mwenyewe wa asili hatajwi. Kilichobaki ni mkasi wake. Mimi huwaambia watoto wachague wenyewe kwa kupenda jina, ila moja iwe Nyumba ya Birika, kwa sababu ya ile njia yetu ya maji.

Ndani ya kila nyumba tafuta choo. Ndiyo, choo, usione haya. Utakuta shimo lenye jiwe la kuchuchumalia na mahali pa kujitawadhia, ndani ya nyumba, miaka zaidi ya mia tano iliyopita. Niliwahi kumsikia kijana mmoja hapo akisema kwa sauti ya chini, "Kwetu kijijini choo kilikuja babu akiwa hai." Alikaa pale muda mrefu kuliko alivyokaa Jumba. Sehemu hii waongozaji wengine huipita kwa kuona aibu, waombe wasiipite.

Kisha jiulize: maji ya kujitawadhia, ya kupikia, ya kunywa na ya kufulia yalitoka wapi, na nani aliyeyabeba? Tembea kutoka chooni hadi kisima cha karibu ukihesabu hatua. Ziandike. Halafu uzidishe kwa ndoo za siku moja za familia ya watu kumi. Hesabu hiyo ndogo humweleza mtoto maisha ya Gede kuliko hotuba ndefu.

### Kuhusu kima

Hapa ndipo watakapokufikia. Ni kima, wamezoea watu, na wanapendeza sana. Wageni huwalisha ndizi ili wawapandie mabegani.

Usiwalishe. Kima aliyelishwa leo atamnyang'anya mtoto kesho, na akikataliwa huuma. Ukiumwa au ukikwaruzwa hadi damu, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika kumi na tano, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo; kichaa cha mbwa hakisubiri.

Mpwa wangu ana pumu. Alikuwa ameiweka dawa yake ya kuvuta kwenye mfuko wa nje wa mkoba, na kima akadhani ni chakula. Alipanda nayo mtini. Tulitoka mbio kwenda kutafuta nyingine, na ziara ikaishia hapo, moyo ukinidunda hadi tulipompata mhudumu wa duka la dawa. Tangu siku ile dawa zote hukaa ndani kabisa, zipu imefungwa.

## Hatua ya 8: Toka kwenye mawe, ingia kwenye ukimya

Wengi huishia Jumba. Wewe endelea hadi kwenye njia ya msituni inayoelekea ukuta wa nje.

Gede ilikuwa na kuta mbili. Ndani ya ukuta wa kwanza walikaa wenye nyumba za mawe. Kati ya ukuta wa kwanza na wa pili walikaa wengine, kwenye nyumba za miti na udongo, na hizo zimerudi ardhini. Unapotembea kati ya miti ukidhani umetoka mjini, bado uko mjini. Unatembea juu ya vyumba vya walio wengi: waliochimba visima, waliochoma chokaa, waliobeba ndoo ulizozihesabu.

Hapa tafuta mahali penye majani makavu, mkae kimya dakika kumi. Mkiwa na bahati mtasikia mchakacho wa majani na kumwona sange mwenye kiuno cha dhahabu: mnyama mdogo wa miguu myembamba, pua ndefu yenye kuchezacheza, na matako ya rangi ya manjano. Makazi yake makuu ni msitu wa Arabuko-Sokoke ulio jirani, na ni mnyama adimu sana. Juu mtini sikiliza hondohondo.

Kaeni njiani. Nyoka wapo, kama msitu wowote wa pwani, nao hukimbia wakisikia vishindo. Tatizo ni anayejitosa vichakani. Na upepo ukivuma kwa nguvu, toka chini ya miti mikubwa. Matawi makavu huanguka bila onyo.

## Hatua ya 9: Rudi kisimani

Kabla hujatoka, pitia tena kile kisima kilicho nje ya Msikiti Mkuu.

Gede ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 17. Sababu zinazotajwa ni kadhaa: mashambulizi, Waoromo waliosogea kutoka kaskazini, vurugu zilizokuja na Wareno. Lakini kisima hiki kina ushahidi wake. Kilichimbwa tena, kikashushwa chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yakikimbia. Wewe uliyehesabu hatua na ndoo sasa unaelewa maana ya dhiraa kadhaa zaidi za kamba kwa mji mzima, kila siku, kabla ya kila sala.

Aliyefika saa sita akapiga picha na kima husikia habari hii kama maelezo ya mwongozaji. Aliyefuata maji tangu asubuhi huinama kisimani na kunyamaza. Hiyo ndiyo dalili ya ziara iliyofaulu, na sijawahi kuiona ikikosea.

## Hatua ya 10: Vipepeo, chakula, na upande sahihi wa barabara

Jua sasa limepanda, na hiyo ni heri kwa kituo cha mwisho. Kando ya magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993. Wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo, na mabuu yaliyojifunga huuzwa nje ya nchi kwa mabanda ya maonyesho. Msitu ukikatwa, vipepeo hakuna. Kwa hiyo mkulima ana sababu ya kuulinda. Vipepeo huruka jua likiwaka, ndiyo maana nimekuweka hapa mwisho. Nunua asali au kitu kidogo ukiweza.

Mlipe mwongozaji mlivyopatana, na kama alikuvumilia na daftari lako, mwongeze. Chakula utapata njia panda au Watamu.

Kama unapitia Mombasa na una nusu siku, ingia Fort Jesus, ile ngome ya kale ya Wareno. Baadhi ya vitu vilivyochimbuliwa Gede vimewekwa kwenye makumbusho ya humo, na utavitazama kwa macho mengine kabisa baada ya kusimama kwenye vyumba vilikotoka.

Ukifika barabara kuu, matatu ya Mombasa utaingoja upande huu huu unaotokea, wa baharini. Ya Malindi ni ng'ambo, upande wa bara. Magari hapo huja kwa kasi, na watoto watakuwa wamechoka. Washike mikono kabla hamjavuka.